Chupa ya Nne ya Kalolaine

Kama umewahi kumpa mtu zawadi, halafu akiondoka nayo ukatamani umkimbilie barabarani umnyang'anye, basi utamwelewa Kalolaine upesi kuliko tulivyomwelewa sisi majirani zake.

Kalolaine ana miaka arobaini na minane. Ni mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kuanza mambo. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa miti tu, kwa hiyo nayajua mambo yake hata yale ambayo hakunieleza. Kijijini wanamwita Nusu Mkeka. Jina hilo alilipata katika banda la wanawake wasukaji. Miaka kumi na moja iliyopita alianza mkeka mpana wa harusi, akafika katikati, akasikia kwamba kuna faida katika kuku wa mayai, akainuka. Kuku nao wakaishia nusu banda. Ule mkeka upo mpaka leo, umekunjwa kwenye kona ya banda, na kila msichana anayeanza kusuka huonyeshwa na kuambiwa, "Usiwe kama yule."

Mumewe, Manase, yuko ng'ambo anachuma matofaa msimu kwa msimu. Akipiga simu, kabla ya salamu huuliza, "Mke wangu, safari hii umefika nusu ya nini?"

Safari hii ilikuwa sabuni, na iliyompeleka huko ni mikono yake. Kazi ya kugonga magome ya kutengenezea nguo za sherehe, pamoja na kutia samaki chumvi, ilimpasua vidole mpaka akawa anashika Biblia kwa viganja. Sabuni za dukani zilizidi kumchoma. Wakati huohuo Vika alikuwa amerudi nyumbani kutoka Auckland, alikosafisha maofisi kwa miaka kumi na tisa, na akatangaza kanisani kwamba kila Jumanne atafundisha ukumbini kutengeneza sabuni ya mafuta ya nazi na mshubiri, ule mmea wa majani manene ambao vijana wanauita alovera. Kwetu umejaa nyuma ya kila nyumba. Tulikuwa tunaukata tu mtoto akiungua.

Tulianza wanawake wanane. Vika alisimama mbele yetu na mizani ndogo ya jikoni kama mchungaji na kitabu.

"Jamani, sikilizeni. Hii si supu. Supu ikikosa chumvi, unaongeza. Sabuni ikikosa mafuta, ile kostiki iliyobaki, magadi makali ya kugandisha mafuta, inamla mtu ngozi. Kila kitu kinapimwa. Na kinapimwa kikiwa ndani ya chungu, si nje."

"Mimi nimepika miaka thelathini," akasema Kalolaine, "sijawahi kupima hata punje ya mchele."

"Ndiyo maana keki zako tunazijua," akajibu Vika, na ukumbi mzima ukacheka, Kalolaine wa kwanza.

Basi tukajifunza. Jani la mshubiri ukishalikata hulimenyi hapohapo. Unalisimamisha kwenye ndoo, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, litoe yale maji ya manjano yanayowasha. Halafu unalilaza, unalichuna ngozi kwa kisu chembamba kama unavyochuna samaki, unabaki na nyama yake inayoteleza kama ute wa yai. Unaisaga, unaichuja, unaigandisha kwenye jokofu. Kostiki unaimwaga kidogo kidogo juu ya ile barafu ya mshubiri, wala si barafu juu ya kostiki, na unasimama upande upepo unakotoka. Chungu ni cha chuma cha pua au cha enameli, maana masufuria yetu makubwa ya alumini kostiki inayatafuna mpaka yanatoa moshi. Kisha mafuta, kisha kukoroga, mpaka mwiko ukipita uache njia yake juu ya uji. Hapo unamwaga kwenye boksi, unafunika kwa taulo, kesho yake unakata vipande kwa mshipi wa kuvulia. Halafu unasubiri wiki tano.

"Wiki tano!" Kalolaine alishika kichwa. "Vika, mimi sijawahi kusubiri kitu wiki tano isipokuwa mshahara wa Manase."

Mkupuo wake wa kwanza aliharakisha majani, yale maji ya manjano hayakuisha, sabuni ikatoka ya kahawia na ikamwasha kwapani siku tatu. Wa pili ulikuwa laini kama siagi ya juani. Lakini wa tatu, aliougawa nusu na mimi, ulitoka vizuri. Akaoga nao mwezi mzima. Nilimwona asubuhi moja amesimama uani, anafumba na kufumbua mikono yake kama mtu anayejaribu glavu.

"Njoo uone," akaniita. "Nyufa zimeziba."

Wakati huo darasani tulikuwa tumebaki watano, na Kalolaine alikuwa mmoja wa hao watano. Vika mwenyewe alishangaa. Kalolaine akanunua mizani yake, akasema mkupuo wa nne ataufanya peke yake, nyumbani, bila Vika kumsimamia. Akachuma maua ya heilala, akayaloweka kwenye mafuta ya nazi, yanukie. Jumatano jioni akapima mafuta yote kwa uangalifu, akayatia katika chupa nne, akazifunga kila moja utepe mwekundu. "Kesho sihangaiki na mizani," akaniambia. "Ni kumwaga tu, moja, mbili, tatu, nne."

Alhamisi nilikuwepo jikoni kwake, nimeketi kwenye kibao namwandalia boksi. Alimwaga chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa ameshika ya nne mkononi pale sauti ya kaka yake, Siosaia, iliposikika barazani.

"Hodi wenyewe!"

Kalolaine alikuwa amejifunga kitambaa kifupi cha kazi, magoti nje, jasho linatiririka. Kwetu dada hamtokei kaka yake hivyo, wala hawakai chumba kimoja wakiwa watu wazima, hata kama mama yao alikuwa akiwaogesha beseni moja. Akatoka mlango wa nyuma mbio, kama mwizi aliyeshtukia mbwa, na kuniachia mimi nikaseme na Siosaia.

"Mwambie," akasema Siosaia, akitazama barabara kwa adabu, "Shangazi Ilaisaane anakuja Jumamosi asubuhi kuchukua mikeka ya sherehe iliyowekwa kwake. Jumatatu mjukuu wake anatimiza mwaka."

Nikaenda nyuma nikamwambia Kalolaine. Alikuwa karibu na tangi la maji, anajifunga nguo ndefu. Nikarudi kwa Siosaia na jibu. Akauliza mikeka mingapi. Nikaenda tena. Nikarudi tena. Siosaia alipoondoka, Kalolaine akaingia, akaona kostiki imeshapoa kiasi anachotaka, akaimwaga kwenye chungu, akakoroga. Uji uliganda upesi mno. Tulifurahi. Mimi nilifurahi kuliko yeye. "Umekuwa fundi," nikamwambia.

Ijumaa tulikata vipande ishirini na vinne. Vilikuwa vyeupe, vigumu, vinalia *ka* ukivigonganisha.

Jumamosi Shangazi Ilaisaane akafika. Huyu ni dada wa baba yake Kalolaine, na nadhani sihitaji kusema mengi: kwetu shangazi ndiye mwenye nyumba, hata kama nyumba umejenga wewe. Kwenye msiba anakaa juu, kwenye harusi anachukua kilicho bora, na akitazama kitu chako mara mbili, kimeshakuwa chake. Mama wa miaka sabini na mmoja, mrefu, na mkeka wa heshima wa kiunoni uliofungwa barabara hata kwenye joto lile. Akapokea mikeka. Akanywa chai. Halafu pua yake ikamwongoza mpaka kwenye rafu.

"Kalo. Hiki ni nini kinanukia heilala?"

"Sabuni, Shangazi. Ya mshubiri. Nimetengeneza mwenyewe."

"Wewe?" Akachukua kipande, akakigeuza, akakipandisha kwenye mwanga. "Ukamaliza?"

"Nimemaliza, Shangazi. Ila haijaiva. Inataka wiki tano."

"Itaivia kwangu. Hata ndizi huwa nazichukua mbichi." Akatandika leso mezani. "Ndiyo atakayoogeshwa mjukuu wangu Siutiti siku yake. Weka zote, mwanangu, usiniwekee chache kama mgeni."

Kalolaine alinitazama. Mimi nilitazama birika. Angesema nini? Vipande ishirini na vinne vikaingia kwenye leso, leso ikaingia kikapuni, na saa sita mchana Shangazi alikuwa kwenye feri kuelekea kisiwa chake cha 'Eua.

"Itakuwa kali kidogo tu," Kalolaine akajifariji. "Vika anasema ikikaa siku mbili tatu si hatari, ni kukausha ngozi tu. Au siyo?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Saa kumi jioni nikasikia akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaruka ua. Alikuwa amesimama nyuma ya tangi la maji, ndoo imepinduka miguuni, na mkononi ameshika chupa yenye utepe mwekundu. Imejaa mpaka shingoni.

Sote wawili tulikumbuka: alitoka nayo mkononi alipomkimbia kaka yake, akaiweka chini ili ajifunge nguo.

"Kostiki ya chupa nne," akasema taratibu, "kwenye mafuta ya chupa tatu." Kisha akakaa chini, palepale kwenye matope. "Mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja. Ngozi yake kama ya ua."

Tukapiga simu. Nyumba ya Shangazi ina simu moja, na Shangazi huizima Jumamosi alasiri, maana Jumapili si siku ya kelele, huiwasha Jumatatu baada ya chai. Namba za majirani zake hatukuwa nazo. Feri haitoki Jumapili. Kwetu Jumapili hata mashua ya jirani haisukumwi majini.

Tukaenda kwa Vika. Alisikiliza, akauma mdomo. "Hiyo haitapoa kwa kusubiri, hata wiki ishirini. Itamchoma. Mpateni Shangazi Jumatatu kabla mtoto hajaogeshwa."

"Na sabuni yenyewe?"

"Sabuni inaokoka. Unaikwaruza yote, unaipika tena na chupa iliyobaki. Mtoto kwanza."

Jumapili hiyo Kalolaine aliimba sauti ya pili kwenye kwaya bila kutoa sauti. Nilikuwa nyuma yake, naona shingo yake tu. Siosaia alikaa upande wa wanaume, mbali kama inavyopasa, lakini habari zilikwisha kumfikia, na baada ya ibada nilimkuta amesimama nje ananisubiri. "Mwambie," akasema, akitazama kofia yake, "kosa ni langu nusu. Ningepiga hodi kwa mbali zaidi." Nikampelekea maneno hayo. Kalolaine alilia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, halafu akaniambia nimjibu kwamba si nusu, ni robo.

Jumatatu tulianza kupiga simu tangu saa moja. Saa tatu ikapokelewa. Kelele nyuma, nguruwe analia, watu wanacheka, na sauti ya kijana ikasema, "Haloo! Nani? Bibi? Yuko uani anamwogesha mtoto!"

"Mwambie asi—" Kalolaine alipiga ukelele, na simu ikakatika. Tulipopiga tena, ilikuwa imezimwa au imekwisha chaji, sijui.

Sasa mnaweza kuuliza kwa nini tulikwenda, ikiwa mtoto ameshaogeshwa. Nilimwuliza pia. "Nitakaa hapa nifanye nini?" akanijibu. Akafunga kwenye kikapu chupa ya nne, chungu cha enameli, mizani, glavu za Vika, na jani moja kubwa la mshubiri la kumpaka mtoto aliyeungua. Siosaia alitupeleka bandarini kwa gari lake, dada yake amekaa nyuma pamoja na viazi vikuu, kaka mbele, hakuna aliyesema na mwenzake.

Njia ya 'Eua ina mawimbi hata siku njema. Mimi nilitapika. Kalolaine hakutapika wala hakukaa. Alisimama kwa muda wa saa mbili na nusu ameshika lile jani kifuani, ute wake unamchuruzika mpaka kiwikoni.

Nyumbani kwa Shangazi moshi wa jiko la ardhini ulikuwa umeshaanza kutulia na watu walikuwa wakitandika meza ndefu. Kalolaine aliwapita wote bila salamu, jambo ambalo mpaka leo wanalisema. Shangazi alikuwa ameketi juu ya mkeka, na mapajani pake Siutiti, amevikwa nguo ya magome, amepakwa mafuta, anang'aa kama kikombe kipya. Anatafuna kidole cha bibi yake. Kalolaine akapiga magoti, akamgeuza mtoto huku na huku, akatazama shingo, kwapa, nyuma ya magoti. Hakuna doa. Hakuna hata pele.

"Kulikoni?" Shangazi akauliza. "Unamnunua?"

"Shangazi. Umemwogesha na nini?"

"Na kokwa za tuitui. Kwani huwa tunaogesha na nini?" Akaonyesha meno yake, bado yana weupe wa zile kokwa. "Nimetafuna tangu alfajiri mpaka taya linauma. Bibi yangu alinitafunia mimi, nami nimemtafunia huyu."

"Na sabuni?"

"Sabuni gani?"

"Sabuni yangu! Vipande ishirini na vinne!"

Shangazi akamtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakula pete yake ya ndoa. "Iko sandukuni. Na mikeka ya mama yangu na nguo ya magome ya harusi yangu. Kitu kizuri namna ile, umekitengeneza kwa mikono yako, *umemaliza*, halafu nikakiyeyushe kwa maji? Mtoto atakapoolewa tutaitoa."

Kalolaine alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea bega langu, akacheka mpaka Siutiti naye akacheka bila kujua sababu, na machozi yakamwangukia kwenye jani la mshubiri alilokuwa bado amelikumbatia. Mimi nikakaa juu ya kikapu cha mtu, ndani kulikuwa na mayai.

Kisha akamweleza Shangazi yote, kaka, mlango wa nyuma, chupa. Kumwambia shangazi yako kwamba ulimpa kitu kibaya si jambo dogo. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkeka. Shangazi alimtikisa mtoto mapajani.

"Kumbe umenibebesha moto kwenye leso," akasema mwishowe. "Mimi niliyejitwalia. Inuka. Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka, Shangazi. Mafuta yake nimekuja nayo."

"Basi kwanza kula."

Kesho yake, Jumanne, tuliketi watatu uani kwa Shangazi. Sanduku likafunguliwa, vipande vikatoka vikinukia heilala na mikeka ya zamani. Tuliona kwamba juu vimeshaanza kufanya unga mweupe. Tulivaa glavu, tukavikwaruza vyote, Shangazi akishindana nasi na kutucheka kwa kwenda polepole. Kalolaine akapima kila kitu ndani ya chungu, akaniambia nisome namba kwa sauti, halafu Shangazi naye asome. Chupa ya nne ikamiminwa mpaka tone la mwisho. Tukapika kwa moto mdogo mpaka ikawa nzito, laini, kama magimbi yaliyopondwa na tui.

"Sasa tunajuaje?" Shangazi akauliza.

"Kwa ulimi. Unagusa kidogo iliyopoa. Ikikupiga kama betri, bado."

Kalolaine alinyoosha mkono, lakini Shangazi alishamtangulia. Akagusa kwa ncha ya ulimi. Tukamkodolea macho. Akafumba macho, akafumbua.

"Ina ladha ya sabuni," akasema.

Kalolaine alikaa chini kwenye nyasi, akashusha pumzi ndefu sana, kama mtu aliyetua mzigo ambao alikuwa ameshasahau kwamba ameubeba.

Hazikutoka nzuri kama mwanzo. Zilikuwa na mabonge, rangi ya tui lililolala. Kalolaine alimwomba Shangazi jambo moja, naye kuomba kwa shangazi hakukuzoea: zisirudi zote sandukuni. Moja iwekwe kwenye beseni. Shangazi alisema ataona.

Wiki tano na siku sita baadaye, Jumatatu, baada ya chai, simu ya Kalolaine ililia. Nilikuwa upande wangu wa ua naanika nguo, nikasikia sauti ya Shangazi kutoka huko kwenye simu bila hata kukaribia, maana anaamini bahari inataka sauti ipazwe.

"Kalo! Nimemwogesha! Mtoto yuko kama yai! Nami nimeoga! Zile nyingine nimezifunga sandukuni, usiniulize!"

"Sikuulizi, Shangazi."

"Tengeneza nyingine. Na Siosaia akipiga hodi, mwache agonge mpaka achoke!"

Kalolaine akaweka simu kwenye kizingiti. Jikoni, juu ya meza, palikuwa na chungu, na ndani ya chungu kulikuwa na mafuta aliyokuwa akiyapima simu ilipolia. Akatazama namba ya mizani, akaisoma kwa sauti. Kisha akaniita nije niisome na mimi.